Zamu ya Kalamu

Shuleni walimwita Bi Mwandiko, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianza lini. Alikuwa karani wa mwalimu mkuu, na vyeti vyote vya wanaohitimu vilipita mkononi mwake, kwa sababu mwalimu mkuu alishikilia kwamba cheti kilichopigwa kwa mashine hakina tofauti na risiti. Mwandiko wake ulinyooka mpaka walimu wakamtania kwamba rula ilikuja kujifunza kwake.

Kilichomshinda ni kalamu. Ilikuwa kalamu nyeusi ya wino, yenye pete ya shaba, aliyoiacha baba yake, na kwa miaka tisa ilikuwa ikimkwaruza. Aliibadilishia wino, akaiosha kwa maji ya vuguvugu, akaibembeleza kama mtoto mwenye homa, wapi! Mkono ukipanda juu inakwama, inachana karatasi, inatema doa. Mwaka huu ilikuwa imeharibu vyeti sita, na mwalimu mkuu akamwambia kwa ule upole wake wa kutisha, "Bi Mwandiko, tafuta kalamu ya kazi. Hiyo ya marehemu iweke kabatini."

Ndiyo maana Jumamosi ile alisimama mbele ya meza ya kioo ya fundi kalamu, katika duka jembamba lililobanwa kati ya kinyozi na muuza miwani. Fundi aliitazama nibu, ile ncha ya kuandikia, kwa lenzi, akaigeuza chini ya taa, akaguna.

"Mama, kalamu hii si yako."

"Ni ya baba yangu."

"Wala si ya baba yako. Nibu huliwa na karatasi kwa jinsi mwenyewe anavyolaza mkono. Hii imelika kwa mtu wa mkono wa kushoto, tena kaandika miaka na miaka. Naweza kuinoa ikufuate wewe, nusu saa tu. Lakini ule mkono wa kwanza utafutika, na mimi sitaweza kuurudisha."

Mkono ule Bi Mwandiko aliujua.

Ulikuwa wa mdogo wake. Walipokuwa wasichana wadogo, baba aliwapa kalamu hiyo moja waandike kwa zamu, na yeye, kwa ukubwa wake, alikuwa mwizi wa zamu. Mdogo wake akikuta kalamu haipo, anachukua penseli na kuandika pembeni mwa gazeti: "Nani kachukua zamu yangu?" Naye mkubwa anajibu chini yake, bila haya wala soni: "Si mimi, ni panya." Mchezo huo haukuisha na utoto. Hata walipokuwa watu wazima, kila walipojaribu kalamu mpya waliandika hayohayo, mmoja swali, mwingine jibu.

Macho ya baba yalipofifia, mdogo ndiye aliyemwandikia barua zake zote, miaka kumi na miwili, kwa kalamu ileile. Baba alipofariki, mdogo aliomba kitu kimoja tu, hiyo kalamu. Bi Mwandiko, ambaye uchungu wa msiba ulikuwa umemgeuka hasira, akamjibu mbele ya watu, "Uitumie kwa mkono gani? Huo wa kushoto unaoharibu nibu?" Ulimi hauna mfupa. Kesho yake mdogo alifunga mizigo. Tangu hapo habari zake zilipitia kwa shangazi, na shangazi alikuwa ameapishwa asitoe namba wala anwani. Mara tatu Bi Mwandiko alituma salamu, na mara tatu salamu zilirudi kama zilivyokwenda. Kalamu yenyewe hakuituma, maana kuituma kungekuwa kukiri kosa.

Alimkosa mdogo wake, wala hakuna aliyewahi kumwuliza habari zake. Alitamani hata lile doa la wino. Mtu wa mkono wa kushoto huburura kiganja juu ya maandishi mabichi, na mdogo wake alikuwa akiacha wino mlangoni, kwenye vikombe, kwenye mito. Alivyokuwa akimgombeza! Sasa mito yake ilikuwa myeupe, na aliichukia.

"Usiamue haraka," fundi alisema. "Jaribu kwanza hizi za kazi. Kwa vyeti chukua nibu nyembamba na wino mweusi usiofutika kwa maji. Ule wa bluu ni mzuri kwa barua, lakini tone moja la mvua linaondoka na maneno yote." Akamsogezea daftari nene la kujaribia, lililojaa saini za wateja, majina ya wapenzi na hesabu zisizo na kichwa wala miguu.

Alifunua akitafuta nafasi tupu, mkono ukasimama. Kwa wino wa kijani, herufi zikiegemea nyuma, zimeburuzwa kidogo kwa kiganja: "Nani kachukua zamu yangu?"

Akarudi nyuma kurasa kadhaa. Swali lilikuwepo tena. Akarudi zaidi, likawepo tena, na kila mara chini yake mstari mmoja ulikuwa umeachwa wazi.

"Fundi, huyu ni nani?"

"Mteja wangu. Huja chupa ikimwishia, kila baada ya miezi minne hivi. Wiki iliyopita alikuwa hapa. Nilimchagulia huo wa kijani kwa kuwa unakauka upesi, ingawa bado unampaka. Nilimwambia, dada, hapa hakuna zamu, andika tu. Akacheka, kisha akapenga kamasi."

"Namba yake unayo?"

"Mama, mimi nauza wino."

Bi Mwandiko alichukua kalamu ya baba, akaichovya katika wino wa kijani, akaihamishia mkono wa kushoto. Kwenye mstari ulioachwa wazi aliandika polepole, kwa herufi zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza: "Ni mimi. Si panya." Kalamu haikukwaruza hata mara moja.

"Usiinoe," alisema. "Akija, mpe. Mwambie zamu ni yake."

Aliondoka na kalamu ya kawaida, wino mweusi wa vyeti, na chupa ya kijani ambayo hakuwa na haja nayo. Chupa hiyo inakaa dirishani jikoni. Kila jioni huiinua kwenye mwanga aone imeshuka wapi, kisha huandika: orodha ya sokoni, majina ya kubandika makoponi, barua zisizo na anwani. Anajua fika kwamba kuandika kwake hakumalizi wino wa mtu mwingine ili arudi dukani upesi. Anaandika hivyo hivyo, kwa mkono wa kushoto, na doa likibaki kiganjani hulala nalo bila kunawa.