Ng'ombe wa Kuazima

Kwetu, mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Baadhi atampelekea rafiki wa rika lake ng'ambo ya kilima, wengine shemeji, mwingine atapewa mtu aliyemfaa mwaka wa njaa. Anayewatunza anapata maziwa, na akijaliwa, ndama. Ugonjwa ukiingia zizi moja, au wezi wakija, mzee anabaki na mahali pa kuanzia. Hakuna anayeandikiana na mwenzake. Ukiulizwa hao ni wa nani, unajibu tu kwamba ni wa watu.

Kwa hiyo nilipoajiriwa Musoma kama mkaguzi wa serikali, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na bosi wangu akaanza kunifundisha kupima hatari, niliona kama ananisimulia habari za baba. Bosi alikuwa mtu wa pwani, mpole, suruali yake imenyooka pasi hata katikati ya vumbi la barabara ya Bunda. Alisema mkaguzi mjinga anauliza nini kimepotea. Mwenye akili anauliza kwanza: ni wapi hapa kitu kinaweza kupotea bila mtu kulia? Kisha: nani angejua, na nani ana sababu ya kunyamaza? Nilimpenda sana mtu yule. Nasema mapema ili usidhani kwamba nilikuwa namtilia shaka.

Akanituma Mugeta, kwenye shamba la ng'ombe la serikali. Lilikuwa shamba la mfano, na maziwa yake yalikwenda zahanati kwa ajili ya watoto waliodhoofika. Meneja wake alikuwa wa rika la baba. Walitahiriwa pamoja, na kwa desturi yetu na yeye ni baba yangu. Nilimwambia bosi jambo hilo. Akasema ndiyo vizuri, wewe unawajua ng'ombe, mimi ningekwenda kuhesabu pembe.

Nilikuta zizi limejaa. Ngozi za ng'ombe waliokufa zimetundikwa zote, maana ng'ombe wa serikali akifa, lazima ngozi yake ionekane. Mambo yalikuwa sawa kupita kiasi. Kilichonikera ni maziwa. Njiani nilipita zahanati, na mganga alinionyesha watoto wanaogawana kikombe kimoja. Zizi lililojaa namna ile haliwezi kuwaacha watoto wagawane kikombe.

Meneja alikuwa amechinja kuku na alitaka nile niondoke. Nikasema nitangoja wakamue.

"Ya nini, ndugu mkaguzi? Gari lako litachelewa."

"Nitangoja, baba."

Ng'ombe wetu wa nundu hampi maziwa mtu asiyemjua. Anabana. Mfunge miguu, mletee ndama wake anyonye kwanza, bado anabana. Jioni ile wakamuaji walitokwa jasho mbele yangu, mmoja baada ya mwingine wakiinuka na vibuyu vitupu. Ng'ombe waliobana walikuwa wamejikusanya langoni, vichwa vyao vimeelekea upande wa Butiama, kwao. Na katikati yao nikamwona yule mwekundu mwenye baka jeupe shavuni, niliyemkamua kila likizo tangu uzao wake wa kwanza.

Nilichukua kibuyu, nikachuchumaa, nikapiga mbinja tunayopiga nyumbani wakati wa kukamua. Moyoni nilimwomba asinipe. Maziwa yakashuka.

Meneja akainama karibu yangu. Sasa hakuniita ndugu mkaguzi.

"Umeona, mwanangu. Hawa ni wa kwenu. Wale wa serikali waliliwa na wakubwa, mimi ningekataaje? Andika zizi limejaa, na hawa watarudi kwa mzee."

Asubuhi nilikwenda nyumbani Butiama. Baba alikuwa anaziba boma kwa miiba. Nilimuuliza, kwa lugha yetu, kama alijua mkaguzi ni mimi.

"Nilijua," akasema. "Rafiki yangu alikuja hapa anaogopa. Nikamwambia, kama ni mwanangu anayekuja, chukua wangu. Akiwaona atanyamaza. Sisi tunaazimanaga ng'ombe tangu zamani. Kosa liko wapi?"

Hakuwa na haya hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Wale wazee walikuwa wamenikagua kabla mimi sijawakagua. Walijiuliza nani angejua na nani ana sababu ya kunyamaza, wakapata jibu ambalo bosi wangu, pamoja na mafunzo yake yote, hakulifikiria. Baba yangu mwenyewe alinipima, akaniona nafaa kuzibia tundu, kama ile miiba yake.

Sikunyamaza. Niliandika kwamba wengi wa ng'ombe wale ni wa kuazima, kwamba baadhi ni wa baba yangu mzazi, na kwamba warudishwe kwa wenyewe. Bosi aliisoma ripoti mbele yangu, akavua miwani, akanishika bega. Akasema hii ndiyo kazi. Nilikwenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nikanunua sato wa kukaanga, nikala peke yangu, nina huzuni na fahari kwa pamoja.

Ripoti iliporudi kutoka kwa mpiga taipu ilisema ng'ombe wote wa shamba wameonekana na wote ni mali ya umma. Chini palikuwa na jina langu. Nilimwendea bosi nayo mkononi.

"Shamba la mfano haliwezi kuwa na ng'ombe wa kuazima, kijana," akasema. "Wageni wanakuja mwezi ujao. Ulitaka tuwaonyeshe nini?"

Alisema kwa sauti ileile ya upole aliyonifundishia kazi. Nilimchukia siku ile, na sijaacha.

Meneja naye hakumrudishia baba hata mmoja. Angewarudishaje, na serikali imeshathibitisha kwamba ni wa umma? Baba alitembea mwenyewe hadi Mugeta. Alimwita yule mwekundu, naye akaja mpaka kwenye uzio akamlamba mkono. Pajani alikuwa na chapa ya serikali, kidonda bado kibichi. Rafiki yake wa rika hakutoka ndani.

Baba akaja Musoma, mji ambao hakuupenda kamwe, akaketi kwenye kiti changu cha pekee. Nikamweleza yote. Nikamwambia nilichoandika sicho kilichopigwa taipu, nikampa nakala aishike. Alisikiliza mpaka mwisho. Kusoma hakujua, lakini aliweka kidole chini kabisa ya karatasi.

"Hapa wameandika jina la nani?"

"Langu, baba."

Akaiweka karatasi mezani, akachukua fimbo yake.

"Mimi niliwaazima tu," akasema. "Wewe umewapa."