Nilivyomuuguza Samaki wa Mkuu wa Shule

Samaki anawezaje kushindwa kuogelea? Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuo kikuu nikihoji kila kitu, lakini swali hilo lilinishinda. Bi Tekla, mkuu wa shule yetu hapa Morogoro, alikwenda semina ya Chama akaniachia samaki wake mwekundu aliyeishi kwenye chupa kubwa yenye mdomo mpana.

"Mpe chakula kidogo sana," aliniagiza.

Kwa nini kidogo? Nikamwongezea. Kesho yake alielea kwa ubavu.

Habari zikaenea, na kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Walimu walikuja kumpa pole, huyu na chembe za ugali, yule na kiini cha yai. Samaki alikula vyote, akazidi kupinduka. Nikakunja mikono ya gauni, nikamshikilia tumboni mle majini kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Jitahidi, ndugu!"

"Ndugu gani huyo?" Bi Tekla alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Mkuu. Anaumwa, ila kula anakula vizuri."

"Nani amemlisha?"

Walimu wote nyuma yangu wakatazama dari.

Bi Tekla alimfungisha kama wakati wa Kwaresima, akapona. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba tumbo la samaki yule ni dogo kama jicho lake.