Kamera na Maji ya Ndiva

Juzi nilikwenda kununua chaja kwenye duka la kompyuta hapa Same, nikamkuta mama mmoja wa kijiji cha Mhezi amepakata kamera. Mwanawe amemtumia imlindie ng'ombe zizini, lakini hataki ifungwe mpaka ajue picha zinakwenda wapi.

"Zinakwenda kwenye seva, mama," fundi alimwambia. "Ni kompyuta kubwa, iko mbali."

"Zinapita kwa nani?"

"Kwa wengi, ila njia yake imefungwa kwa neno la siri."

Mama akatikisa kichwa. "Kwetu maji yanatoka kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia, na mfereji unapita mashamba ya watu. Kila anayepitiwa anachepusha kidogo."

"Maji haya ya kamera, hata wakiyachepusha, hayanyweki. Yamevurugwa, mpaka mwenye ufunguo ayasafishe."

"Mwanangu, maji yasiyonyweka yana faida gani?"

Fundi akakuna shingo, akanitazama mimi. Mimi nikatazama feni.

"Na huko mwisho," mama akauliza, "ndiva yenyewe inalindwa na nani?"

"Na wenyewe."

"Unawajua?"

Fundi akachukua bisibisi, akaanza kufungua redio ambayo haikuwa mbovu.

Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia, na chaja nimeisahau. Nyumbani ninayo kamera kama ile, juu ya mlango. Jioni nikasimama mbele yake nikiwaza. Sijui nani yuko upande wa pili, na huenda amenizidi umri. Nikaona heri nisikose adabu.

"Shikamoo," nikaiambia.