Jina Walilolitaka kwa Mama

Nilipokuwa mtoto pale Ziwani, mtaa wa Nairobi, mwanamke aliyechelewa kujifungua hakuulizwa anaumia wapi. Aliulizwa amelala na nani. Sasa nimezeeka, siwezi kupanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta, lakini swali lile bado linanichemsha damu kana kwamba nimeulizwa mimi, na nimeulizwa jana.

Wengi wetu mtaani tulikuwa watu wa magharibi. Baba zetu walifanya kazi reli na manispaa, na mama zetu waliwafuata kwa gari moshi na vikapu vya kuku na mihogo mikavu. Imani ile ilisafiri nao humo humo. Uchungu ukirefuka, walisema, mtoto amezuiwa na uzinzi uliofichwa, na hatoki mpaka mama amtaje mtu kwa jina. Nyanya yangu alinieleza jambo hilo mapema sana, bila kupepesa macho, kama mtu anayekuambia mvua hulowesha. Ila nyanya aliongeza sehemu ya pili, ambayo kina mama wa Nairobi waliisahau, sijui kituo gani njiani. Alisema mume naye akiwa na yake, humfunga mkewe vilevile. Kule kwetu waliulizwa wote wawili. Nairobi aliulizwa mmoja, na unajua ni yupi.

Halafu jambo hilo likachanganyika na kanisa. Miaka ile kulikuwa na moto wa kutubu. Watu walisimama mbele za wenzao wakaungama pombe, wizi, ugomvi, na wako walioacha kweli, wakarudisha hata vijiko vya Wazungu walivyobeba jikoni. Hao siwacheki. Ilikuwa pia miaka ya Hali ya Hatari, na serikali ya kikoloni nayo ilikuwa ikiwaungamisha wafungwa viapo vya uasi huko kambini. Nikikumbuka, naona kama kila mtu mwenye nguvu kidogo alikuwa amekaa kitako akimngoja asiye na nguvu aseme alichofanya.

Mtaani kwetu kina mama wa maombi waliongozwa na dada Keziya. Alikuwa mrefu, sauti yake ya upole, na mkono wake mwepesi kusaidia. Tulipougua surua ndiye aliyetupikia uji. Alikuwa ameshawazalisha wanawake wengi pale mtaani, na wengi walizaa salama. Nayasema haya ili nisimgeuze shetani. Angekuwa shetani tungemfukuza mlangoni na mambo yangeishia hapo.

Mama alianza kuumwa alfajiri ya Jumamosi. Baba hakuwa na zamu siku hiyo. Hospitali ya wazazi haikuwa mbali, lakini mama alikuwa amejifungulia nyumbani mara zote, mimi na wadogo zangu, kwa hiyo aliitwa dada Keziya. Alikuja na wenzake wawili. Wadogo zangu walipelekwa kwa jirani. Mimi, kwa kuwa nilikuwa binti mkubwa, niliachwa nichote maji na kuchochea jiko, na chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo kila kilichosemwa nilikisikia.

Mpaka jua linatoka mambo yalikuwa ya kawaida. Walimwombea, wakamsugua mgongo, wakamwambia akaze moyo. Jua lilipopanda na mtoto haonekani, wakaanza kutazamana. Niliyajua macho yale. Nikajua swali linakuja.

"Dada Rebeka," akasema Keziya, akimfuta mama jasho, "mtoto iko karibu lakini inakataa. Kama kuna kitu, sema. Yesu anasamehe yote."

Mama yangu alikuwa mwamini wa kweli, si wa kuiga. Akaungama pale pale, kati ya uchungu mmoja na mwingine. Alisema alimsengenya mke wa fundi wa jirani. Alisema alimpiga mdogo wangu kwa hasira na si kwa kumfundisha. Halafu akavuta pumzi akasema, "Na wewe, dada Keziya, nimekuchukia tangu Pasaka."

"Hiyo nimekusamehe," Keziya akajibu haraka. "Endelea."

"Nimemaliza."

"Hizo ni za ulimi, mama. Mtoto haizuiwi na ulimi. Sema jina."

"Sina jina."

"Sema tu, hata sisi hatutapeleka mahali. Ni wewe na Mungu."

Hata leo sielewi walikuwa wanahesabuje. Ni yeye na Mungu, na huku watu watatu wamemzunguka wameinamisha masikio! Mama akawaambia, "Mnataka nimwombe Mungu msamaha kwa uongo? Huyo mtoto atazaliwa juu ya uongo?" Walianza wimbo. Wimbo ulipoisha wakarudia swali lile lile, halafu wimbo, halafu swali, na jua linazidi kwenda. Mama alianza kubadilika rangi. Midomo yake ilikauka, na nilipomnywesha maji alinishika mkono akauminya mpaka nikapiga kelele. Hapo nikaelewa kwamba mama yangu anaweza kufa leo, mchana, huku watu wanaimba.

Na lazima niseme ukweli: mimi niliamini. Nilikuwa mtoto, na nyanya hakuwahi kunidanganya. Sikuwaza kwamba imani yenyewe ni mbovu, niliwaza kwamba wanaulizwa nusu ya watu. Nikaacha jiko, nikatoka na ndoo kama ninayeenda mferejini.

Baba alikuwa huko karibu na mfereji, ameketi juu ya jiwe pamoja na wanaume wengine, kofia mkononi. Nikasimama mbele yake.

"Baba," nikamwambia, "wewe umeungama?"

Wanaume wakatazama chini. Mmoja akakohoa. Nilitegemea kofi, na nilikuwa tayari kulipokea. Baba hakunipiga. Alinitazama kwa muda, uso wake ukawa kama wa mtu aliyeshikwa na askari bila kipande, kile kitambulisho cha wakati ule, kisha akaondoka kuelekea nyumbani. Nikamfuata na ndoo tupu.

Mwanamume haingii chumba cha uzazi. Baba alisimama kizingitini amegeuza mgongo ndani, akasema kwa sauti akiitazama barabara, "Dada zangu, mwenye dhambi ni mimi. Kuna mwanamke, yuko mtaa wa Kaloleni. Tangu mwaka jana. Bwana anirehemu."

Nataka uelewe jinsi mambo yalivyokwenda baada ya hapo. Hawakumuuliza jina. Wale waliokuwa wakilidai jina kwa mama tangu asubuhi hawakutaka kujua hata kama mwanamke huyo ana jina. Keziya alilia machozi ya furaha. Wakatoka nje wote watatu wakampa mikono, "Ndugu yetu ametubu! Ndugu yetu ameokoka!" na wakaimba wimbo wote, beti zote, pale mlangoni. Dhambi ya baba ilikuwa imesamehewa kabla chungu chao cha maji hakijachemka.

Ndani alikuwa amebaki mama, na mimi. Hakuna aliyemtazama. Alikuwa amelala juu ya mkeka, ubavu mmoja, na ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia jambo lile. Alilisikia likitangazwa barabarani. Hakulia. Alifumba macho, na uchungu ulipokuja aliupokea bila sauti, akiuma ncha ya leso. Mimi nilisimama na ndoo yangu nikitamani ardhi inimeze, kwa maana nilikuwa nimemwendea baba ili nimwokoe mama, na sasa nikaona nimemwongezea maumivu.

Walirudi wakiwa wamechangamka. Wakangoja mtoto ateremke. Mtoto hakuteremka.

Na sasa sikiliza hili. Keziya alipiga magoti tena, akamshika mama bega na kumwambia kwa upole ule ule, "Unaona, dada? Mume wako amefungua upande wake. Imebaki wewe."

Mama alifumbua macho. Sijui nguvu alizitoa wapi. Alijiinua kwa mikono, akashika mguu wa kitanda, akapiga magoti, tumbo limening'inia, na akaomba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mungu wangu, unirehemu. Dhambi zangu nimekuambia, ndogo na kubwa, hata hiyo ya kumchukia huyu. Na sasa hivi ninamchukia tena, unirehemu na kwa hiyo. Ile wanayoitaka sina, na sitakutolea uongo. Mtoe mtoto huyu, au unichukue, lakini hawa watu niondolee. Amina."

"Amina," nikasema mimi peke yangu.

Kisha akaniambia, "Trufosa, mwite Bi Mwanaisha."

Bi Mwanaisha alikuwa mlango wa pili, Mwislamu, mshonaji. Mumewe, Mzee Athumani, alikuwa dereva wa lori la taka la manispaa, na mchana huo lilikuwa limeegeshwa mwisho wa mtaa. Sikuhitaji kumweleza mengi, maana tangu asubuhi alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukutani, na alikuwa amejizuia kwa sababu yale yalikuwa mambo ya dini ya wengine. Aliingia na ushungi wake, akamtazama mama, akawageukia wale watatu.

"Nyie wanawake, mwamuua mwenzenu!"

"Akitoka na dhambi yake atakufa njiani," Keziya akasema. Hakuwa anatisha. Alikuwa anaogopa, na aliamini kila neno.

"Basi na afe akienda. Hapa anakufa akingoja."

Mzee Athumani na baba walimbeba kwa mkeka. Tulimpeleka mama yangu hospitali juu ya lori la taka, amelala juu ya magunia aliyoyatandika Bi Mwanaisha, na kichwa chake kikiwa mapajani mwa mwanamke ambaye hakujua wimbo hata mmoja wa kanisa letu. Nilipanda nao, na hakuna aliyenikataza.

Muuguzi aliyempokea alimpapasa tumbo mara moja tu. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Hakuna jina la mtu duniani ambalo lingemnyoosha. "Mmekaa naye kutwa nzima nyumbani mkifanya nini?" akauliza, na baba yangu, aliyekuwa amepata ujasiri wa kuungama mbele ya barabara nzima, alitazama kofia yake tu. Walimpasua mama. Alipona, na ndugu yangu akatoka mzima akipiga kelele, na akabatizwa Yohana.

Ningependa kusema kwamba kina mama walijifunza. Wapi! Jumapili iliyofuata walisimama kanisani wakasema toba ya ndugu yetu imefungua tumbo la mkewe. Kwao imani ilikuwa imetimia. Ya lori la taka hayakutajwa, wala ya Bi Mwanaisha. Naye baba akapata ushuhuda, na mtu akipata ushuhuda mzuri haachi kuutoa. Aliutoa Ziwani, akautoa Makongeni, akautoa mikutano ya huko kwetu mpaka Kisumu. Akawa mzee wa kanisa. Yule wa Kaloleni alimwacha kweli, namshuhudia hilo, na hakumpiga mama wala hakunywa tena. Lakini kila aliposimama kusimulia jinsi Bwana alivyomtoa matopeni, mama alikuwa ameketi upande wa wanawake, mikono mapajani, na kanisa zima likigeuka kumtazama mke aliyefanyiwa yale.

Baba alikufa miaka mingi baadaye, na ushuhuda wake ukasimuliwa tena kaburini na mtu ambaye hakuwa amezaliwa siku ile. Baada ya matanga, nikiwa jikoni na mama akichambua maharagwe, nilishindwa kuvumilia.

"Mama, baba ulimsamehe lini?"

Alitoa jiwe kwenye ungo akalitupa nje. "Aliniomba?"

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Mwanamke mzima, mjane mwenyewe, miaka yote nikiwakasirikia kina Keziya, sijawahi kujiuliza kama baba alimwambia mama chochote.

"Alimwomba Mungu," mama akasema. "Akamwomba Keziya na wenzake, akaomba kanisa. Mimi nilikuwa hapo chini kwenye mkeka. Nikasema atakuja hospitali. Nikasema labda tukirudi nyumbani. Msamaha wake nilikuwa nao tayari, Trufosa, tangu kidonda cha tumbo hakijapona. Hakuja kuuchukua."

Akaendelea na maharagwe yake.

Mimi ni mtu wa kanisa bado. Naungama kila jioni, mlango umefungwa, na naamini ninasikiwa. Naamini pia Mungu alimsamehe baba yangu mchana ule pale kizingitini, kwa maana Yeye si mchoyo na hangoji jina la mtu ndipo afungue kitu. Hilo sibishani na mtu. Lakini kulikuwa na msamaha mwingine ndani ya nyumba yake mwenyewe, umeandaliwa na mke wake, naye aliupita kila Jumapili akienda kushuhudia.