Mize Shee na Bahari ya Milan

Saa nne asubuhi, Mize Shee amemshika mkono bibi kizee asiyeona na anamvusha uwanja wa kanisa kuu la Milan. Uwanja wenyewe ni jikoni, katika nyumba ya matofali mjini Hyattsville, Maryland.

"Taratibu, Bi Ottavia. Hapa pana njiwa," anasema kwa Kiingereza, na bibi anainua mguu asije akamkanyaga njiwa.

Wanaingia koridoni. Hiyo ndiyo Galleria, njia ya maduka ya fahari yenye paa la vioo. Kule Milan, sakafuni pana picha ya fahali, na wapitaji huzungusha kisigino juu yake wakitafuta bahati. Hapa pana zulia lililochakaa. Bi Ottavia anazungusha kisigino. Sebuleni redio inaimba opera, basi hapo ni La Scala, jumba la opera la Milan. Chumba cha kufulia nguo ni Navigli, mtaa wa mifereji.

Mize, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Lamu, hajawahi kukanyaga Ulaya. Mji huo ameupata mdomoni mwa bibi mwenyewe, aliyetoka huko alipoolewa na askari wa Kimarekani baada ya vita. Sasa ana miaka sabini na sita, macho yamekwenda na kumbukumbu inayafuata.

"Daktari alisema asipotembea kila siku, miguu itakufa," Mize anaeleza. "Naye alikuwa hataki ku-move hata hatua moja. Nikamwambia, haya, twende Milan. Akainuka."

Kosa lilitokea mwanzoni kabisa. Bi Ottavia aliuliza kichochoro cha baada ya mifereji kinaishia wapi. Mize hakusita. Alijibu: baharini.

"Mimi najua nini? Mji wa kale, nyumba za mawe, vichochoro. Kwetu ukishuka tu wafika pwani. Nalidhani miji ya kale yote ni hivyo."

Milan haina bahari. Lakini bibi alisema, "Kweli, nilikuwa nimesahau." Tangu siku hiyo anataka kupelekwa.

Carla, binti yake, aliposikia aliwaka. Alimwambia Mize kwamba anamvuruga mama yake akili, ambayo imebaki kidogo. Mize akajaribu kuyafuta maneno yake. Bibi akagoma kitini, chakula hataki, miguu ikavimba. Mize akairudisha bahari.

"Kila siku namwambia leo kuna upepo, twende kesho."

Kesho hizo zimekwisha. Ijumaa hii Carla anampeleka mama yake kwenye nyumba ya wazee huko Virginia, na nyumba hii inauzwa. Mize, anayelala na kula humu na kulipwa dola tisini kwa wiki, atatoka na sanduku lake. "Carla si mtu mbaya," anasema. "Amechoka."

Kumfuata bibi hawezi. Sheria mpya ya wahamiaji, iliyopitishwa mwaka jana, 1986, inawasamehe walioingia nchini kabla ya mwaka 1982. Yeye aliingia 1983. Sheria hiyo hiyo inamwadhibu mwajiri anayemwajiri mtu asiye na karatasi. Inauma hata kuyaandika haya.

Kwao pia haendi, maana akitoka harudi. Mama yake alifariki Lamu miaka miwili iliyopita. Simu ilikuja wakiwa Galleria.

"Nalimaliza matembezi kwanza. Kisha nikaingia chooni nikalia."

Kwa rafiki yake Bimkubwa, kule Wheaton, amepata godoro la kulalia mpaka Mungu afungue mlango mwingine. Kazi hana. Ukimuuliza mpango wake, hazungumzii kazi. Anakuonyesha mfuko wa chumvi nyuma ya mlango wa bafu.

Alhamisi, baada ya chai, watapita kanisani, Galleria na mifereji, kisha hawatageuka. Mwisho wa kichochoro, bafuni, atakuwa amejaza maji ya uvuguvugu kwenye beseni la kuogea na kuyatia chumvi. Atamkalisha bibi ukingoni na kumvua soksi.

"Wakija kumchukua Ijumaa, awe ameshafika," anasema Mize.

Na akiuliza mbona hayasikiki mawimbi?

Mize anaufunga mlango wa bafu.

"Nitamwambia maji yamekupwa."