Rogath hataki kengele inyamaze

Kunapambazuka. Umande umelowesha mikorosho. Rogath, mpishi wa masista nje kidogo ya Mbekenyera, anafuta mikono kwenye aproni na kushika kamba ya kengele. Haivuti bado. Kwanza anaangaza macho barabarani.

"Zamani nilikuwa navuta tu," anasema. "Washenzi wale wamenifanya niogope kazi yangu mwenyewe!"

Washenzi hao walikuja mwezi uliopita kwa bodaboda, wakajificha mikoroshoni kusubiri kengele. Kila mtu hapa anajua: ikilia, nyumba nzima iko kanisani, na sala ikianza hatoki mtu mpaka iishe. Mbwa alibweka weee! Masista wakaendelea na zaburi. Rogath naye alikuwa ndani, amepiga magoti.

Walipotoka, betri za sola za zahanati yao hazipo. Friji ilizima, chanjo zikaharibika.

"Unamwibia mtoto mchanga, jamani? Una roho gani wewe?" anasema Rogath.

Wakubwa wa shirika la masista wanataka wahamie Nachingwea mjini, zahanati ifungwe. Yaani mwizi kavunja mlango, anayefukuzwa ni mwenye nyumba! Mama wa huku atapeleka mtoto wapi?

Sista Valentina, anayefundisha historia sekondari, anasema jambo hili ni la kale. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Waviking walitoka kaskazini mwa Ulaya kwa merikebu, wakavamia nyumba za watawa.

"Walijua kuna fedha na hakuna silaha. Waliua, wakachukua watu utumwa. Watawa wengine walibeba masalia ya watakatifu wao wakatangatanga miaka."

"Walirudi?" Rogath alimuuliza.

"Wengine. Kwingine yalibaki magofu."

Jibu hilo lilimnyima usingizi Rogath. Kulipokucha alikwenda kwa jirani yake, Mwanawetu, mkulima wa ufuta.

"Mimi Mwislamu, lakini wanangu wote wamechanjwa pale," anasema Mwanawetu. "Wahame waende wapi? Wao wasali, sisi tutakaa getini."

Wakubwa wanakuja Ijumaa kuamua. Rogath amepanga kugonga kengele kwa nguvu zake zote ili majirani waje, wakubwa waikute njia imejaa watu.

Leo ni majaribio. Anavuta kamba. Masista wanaingia kanisani, na Mwanawetu anatokea na wenzake, majembe begani. Wanaketi getini.

"Nenda kasali, baba," Mwanawetu anamwambia Rogath. "Tupo."