Fundi Benno amtafuta mteja asiyemjua

Saa tatu asubuhi, Benno Hyera amesimama juu ya ngazi katika karakana yake kijijini Mkumbi, wilayani Mbinga. Anashusha mbao kutoka darini, moja moja, bila haraka. Ni mbao za paina, zimekauka huko juu tangu mwezi wa pili.

Zilikuwa za kitanda. Sasa zinakwenda kuwa jeneza.

Chini ya ngazi anasubiri Stephano, mkulima wa kahawa, kofia mkononi. Mama yake amefariki usiku wa kuamkia leo, na maziko ni kesho saa nane mchana.

“Kaka Benno, mbao mbichi nimeziona pale nje,” anasema. “Lakini kwetu unapajua. Mlima ule, na jeneza la mkaratusi mbichi, litatuangusha njiani.”

“Napajua,” anajibu Benno. “Pole sana, ndugu yangu. Haya, pokea hii, shika upande huo.”

Ni mara ya tatu tangu mwaka juzi kwa lengo la fundi huyu, kutengeneza kitanda cha kuuza, kuishia hivi. Katika milima hii jeneza hubebwa mabegani, kwenye vijia vyembamba kando ya mashamba ya ngolo yenye vishimo kila hatua. Mbao kavu ni nyepesi, kwa hiyo wafiwa huomba mbao kavu. Kitanda nacho kinataka hizohizo, la sivyo kitapinda kabla hakijalaliwa.

“Utamwambia mfiwa asubiri?” ananiuliza. “Useme mbao hizi ni za kupiga picha, niweke kwenye simu?”

Picha hiyo si mzaha. Aliyempa wazo la kuuza samani mtandaoni ni Lusekelo, afisa ugani kutoka Tukuyu, ambaye kijiji kizima kinamwita bwana shamba. Mwanzoni Benno alitaka makubwa: duka, vitanda ishirini, makabati, mpaka nembo yenye jina lake. Lusekelo akamrudisha chini.

“Nilimwambia, Mzee Benno, lengo lisilofikika linakuchosha bure,” anasema Lusekelo. “Tengeneza kitanda kimoja. Tupige picha tatu, mchana, penye mwanga. Tufungue ukurasa, uweke bei na namba ya simu, basi. Ukiuza hicho, ndiyo tuongee cha pili.”

Lakini kwa nini mtandaoni? Mkumbi watu wanaoa kila mwaka, na maharusi hawalali chini.

Jibu ni gumu kulisikia. Benno ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akitengeneza majeneza. Mwaka jana peke yake alitengeneza ishirini na matatu. Kwa kila moja hulipwa ufundi shilingi elfu arobaini, pengine debe la mahindi, na hana kinyongo na malipo. Kazi mbaya si mchezo mwema, anasema. Tatizo ni kwamba hakuna mtu wa huku anayekubali kulala kwenye kitanda kilichotoka mikononi mwake.

Miaka mitatu iliyopita alikubaliana na mwenye nyumba ya wageni huko chini ziwani, Mbamba Bay, amtengenezee vitanda vinne. Wiki moja baadaye simu ikaita.

“Akasema, fundi, nimeambiwa kazi yako halisi. Wageni wangu wanakuja kupumzika, hawaji kupumzishwa.”

Benno anasimulia huku akicheka. Mimi nami nilicheka, kisha nikaona aibu.

Ndiyo maana anataka mteja wa Dodoma, wa Mwanza, wa popote, atakayetazama maungio ya mbao na kuuliza bei. Nilimuuliza kama atamficha mteja huyo kazi yake nyingine. “Akiuliza nitamwambia,” alisema. “Asipouliza, nijitangaze?” Na kwa kuwa mganga hajigangi, kitanda anacholalia yeye mwenyewe kimefungwa kamba mguuni.

Hata hivyo, kinachomharakisha Benno si umaskini. Ni dada yake, Kunigunda, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kunigunda yuko kijijini Mapera, anaumwa moyo, hajatoka kitandani tangu Krismasi. Tangu hapo Benno hajaingia chumbani mwake.

Wagonjwa wa huku wakimwona Benno mlangoni hugeukia ukutani. Wanadhani anawapima. Ameacha kwenda hospitali, ameacha kutembelea majirani. Mwezi wa pili alijikaza, akanunua machungwa, akaenda Mapera. Alipobisha hodi, dada yake akaitambua sauti.

“Akaniambia, Benno mdogo wangu, ukiingia humu nitajiona nimeshakufa. Siku utakayouza kitanda, njoo unisimulie. Hiyo siku nitakwambia ingia.”

Aliyaacha machungwa kizingitini. Jioni ileile alipanda ngazi na kuziweka darini mbao hizi anazozishusha leo.

Sasa habari kutoka Mapera ni kwamba Kunigunda hawezi tena kulala chali, analala ameketi. Mbao mbichi zilizoko nje zitakauka mwezi wa kumi na moja. Hakuna anayethubutu kuulinganisha mwezi huo na hali ya dada.

“Ndugu wameanza kuniuliza kama nimemwekea mbao,” anasema Benno. “Sijaweka. Siweki.”

Saa tisa alasiri jeneza la mama yake Stephano limekamilika, jepesi, limepigwa msasa vizuri kuliko desturi. Lusekelo anaingia, anasema shikamoo, anawapa pole wafiwa. Wakishaondoka anainama kuokota vipande vilivyobaki, vinne virefu kidogo na kimoja kipana.

“Mzee, tupunguze lengo tena,” anasema. “Hapa stuli inatoka.”

“Dada alisema kitanda, bwana shamba.”

“Alisema uuze.”

Benno anakigeuza kile kipande kipana, anakipuliza vumbi. Kisha anachukua randa. Mpango wao mpya ni huu: stuli iwe tayari Alhamisi, picha mchana wa siku hiyohiyo, ukurasa jioni, bei shilingi elfu kumi na tano.

Nilimuuliza anatarajia nini baada ya hapo, pengine duka lile la mwanzo.

“Duka nimeliacha,” alisema bila kuinua macho. “Nataka mtu mmoja tu nisiyemjua anunue stuli moja, dada akiwa bado ana sauti ya kuniambia ingia.”